Simu Tatu za Bi Subilaga

Wananchi wa Tukuyu, wakulima, wafanyabiashara, na ninyi nyote ambao hamjazaliwa bado: mimi, Atuganile Mwakalinga, Mkurugenzi Msaidizi wa Mwakalinga Ushauri wa Mifumo, kampuni inayotunza vivuli mia moja na kumi na vinne vya maduka ya wilaya hii, natangaza rasmi kwamba mwezi wa tatu nilirejea kutoka masomoni ili kuipa kampuni uongozi mpya.

Nilirejea kwa kusimamishwa. Wiki tatu, barua ina mhuri. Cheo cha Mkurugenzi Msaidizi nilijipa mwenyewe nikisugua sufuria. Na hiyo kampuni ni mama yangu, kompyuta mpakato mbili, pikipiki ya umeme yenye breki moja, na chumba juu ya bucha ambako mteja hufika akiwa ameshaanza kunuka maini.

Kosa lililonirudisha lilikuwa dogo. Nilikifundisha kivuli cha matroni kutangaza, kwa sauti yake ileile ya kukwaruza, kwamba Jumapili hiyo ibada ingefanyika wasichana wakiwa vitandani, macho yamefumbwa. Wasichana mia nne walitii. Sijawahi kuona umati mcha Mungu namna ile.

Jumatano niliyofika, ofisi ilikuwa tupu. Mama alikuwa ameacha karatasi mezani: "Nimekwenda msibani. Uji uko kwenye chupa. Usiguse kitu." Mtoto wa aina nyingine angejiuliza msiba ni wa nani. Mimi nilikunywa uji, kisha nikagusa.

Ukuta wa ofisi yetu una ramani ya wilaya yenye taa ndogo, moja kwa kila duka. Taa ikiwa ya kijani, kivuli, ule mtambo unaosema kwa sauti ya mwenye duka, ndicho kinachohudumia. Mwenye duka yuko shambani, au kanisani, au amelala. Nilivaa spika za masikioni nikaanza kuzurura. Kule Kiwira kivuli cha muuza saruji kilikuwa kikimuuliza mteja kama mguu wa mama yake umepona, kwa sababu mwenye duka angeuliza hivyo. Hakikuwa kikiigiza. Kilikuwa kimekaa kaunta miaka mitatu kikisikiliza, kikashika nani anakohoa, nani ana mimba, nani huulizia mbegu za viazi halafu akaondoka na za maharage. Mwenye duka akiwapo, kivuli hukaa kimya na kusikia. Akitoka, kinaendelea pale alipoachia. Sauti yake huwekwa kwenye kasha moja, kumbukumbu kwenye jingine. Mama huwaeleza wateja jambo hilo kila siku, na siku hiyo ndilo lililonipa wazo.

Maduka mawili yanatazamana karibu na soko. Upande huu Ambokile, kinyozi mwenye mdomo usiopumzika. Upande ule Bi Subilaga, muuza mbegu na mbolea, mama mpole aliyeongea kama anayebembeleza mtoto alale. Je, kumbukumbu zao zikibadilishana makasha, sauti zikabaki? Ambokile angewaeleza vijana wake, kwa sauti nzito, namna ya kupanda viazi kwa mistari. Niliona kabisa kwamba historia ya wilaya ilikuwa ikilisubiri jambo hilo.

Sasa, ukitaka kubadilishana uji na chai kati ya vikombe viwili, unahitaji kikombe cha tatu. Mtoto wa chekechea anajua. Mimi, wa kidato cha nne, mwenye A ya kompyuta, nilimimina kumbukumbu za Ambokile juu ya zile za Bi Subilaga. Kisha nikachota zilizokuwa kwa Bi Subilaga, ambazo sasa zilikuwa za Ambokile, nikazirudisha kwa Ambokile. Sikuona kosa. Nilikuwa na haraka ya kufungua jicho la kaunta, ile kamera ndogo, nione matunda ya kazi yangu.

Duka la mbegu lilikuwa limefungwa nusu. Mwanamke mmoja, yule mshonaji wa jirani, alikuwa ameinama akibebanisha viti vya plastiki. Taa ya kaunta ikawaka.

"Karibu bosi wangu!" akasema Bi Subilaga, kwa sauti ile ya taratibu iliyoniuzia mbegu za mchicha nikiwa na miaka sita. "Leo tunakata denge au panki? Kichwa hicho, bosi, kinataka mashine mpya!"

Nilicheka mpaka nikashika meza.

Mwanamke aliachia viti vikaanguka. Hakukimbia. Alisogea hadi kaunta, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya spika, kama mtu anayefunika chungu kisimwagike.

"Mama Gwamaka," akasema. "Mama Gwamaka, jana tu nimekuosha kwa mikono hii."

Kicheko changu kikabaki mdomoni, hakina pa kwenda.

*

Mama alirudi saa kumi, matope hadi magotini. Aliketi kwenye ngazi kuvua viatu na hakuvivua.

"Bi Subilaga," akasema kabla sijauliza. "Jana saa nne asubuhi, palepale kaunta. Moyo."

"Na mumewe, Mzee Lutengano?"

"Uyole. Si ilikuwa Jumanne?"

Tukuyu nzima inajua Jumanne za Mzee Lutengano. Aliendesha malori miaka thelathini, Dar hadi Lubumbashi, mpaka malori yakajifunza kujiendesha yenyewe. Tangu hapo kila Jumanne huenda Uyole, huketi kando ya barabara kuu na madereva wenzake wastaafu, na wote huyapungia mkono malori yasiyo na mtu ndani. Koti lake hulitundika kwenye msumari wa kibanda cha chai. Simu hubaki ndani ya koti.

"Alimpigia mara tatu," Mama akasema. "Ameziona jioni, alipovaa koti."

"Kivuli kilikuwapo?"

"Ndicho pekee kilichokuwapo. Kimesikia kila kitu. Yule mzee hataki pole wala chakula, anataka kukiuliza mkewe alikuwa anampigia kumwambia nini. Nimemsihi asubiri siku ya tatu, watu watawanyike."

"Na nakala ya akiba?" Niliuliza kama mtu anayeulizia mvua.

"Nimeifuta leo alfajiri, kabla hatujaenda kuzika. Ndiyo sheria." Akaniangalia. "Kwa nini?"

"Najifunza kazi, Mama."

"Basi jifunze sawasawa. Tulipoanza, hakuna aliyezima kivuli cha marehemu. Mama mmoja alimpakulia mwanawe chakula mezani mwaka mzima, akawa anaongea na spika, wale wanawe wadogo waliobaki hai asiwatazame hata kwa jicho. Ndipo tukakubaliana, sisi wa kazi hii na wazee wa koo: marehemu mmoja, kivuli kimoja, siku kumi na nne, na siku ya kuanua matanga kinazimwa mbele ya watu wote. Ndani ya siku hizo hatukiongezei neno, hatukipunguzii neno. Kazi yetu si kuwaliwaza watu, Atu. Kazi yetu ni kutowadanganya."

Pale ndipo ningesema. Nilikuwa na sentensi kamili kichwani, ina kiima na kiarifu. Badala yake nikamuuliza kama amekula.

"Na kwa kuwa umesimamishwa na huna shughuli," akasema, hatimaye akivuta kiatu, "saa ya maongezi ya Mzee utaisimamia wewe. Saa nne hadi saa tano asubuhi. Angalia taa tu, usisikilize. Si maongezi yako."

*

Nilichimba siku mbili. Faili likifutwa huacha vumbi, na mjuzi huweza kulikusanya vumbi likawa tena kitu. Lakini lililofunikwa na jingine haliachi hata vumbi, na Mama akifuta nakala ya akiba huifunika pia. Nilichopata mahali alipokuwa Bi Subilaga ni orodha ya vichwa vya wateja wa Ambokile, nani ana kipara, nani ana mba.

Asubuhi ya siku ya tatu nilizitoa kumbukumbu za kinyozi. Likabaki kasha la sauti, tupu. Kasha la sauti halijui linamsemea nani. Ukilipa maneno, linasema. Nikaliunganisha na kishikwambi changu. Nilijiambia ni kwa siku moja tu, mpaka nipate ujasiri.

Mzee Lutengano aliingia dukani saa nne kasoro, koti limefungwa hadi shingoni. Akavua kofia mbele ya kaunta.

"Mama Gwamaka."

Nikaandika. Sauti ikasema, "Abee, Baba Gwamaka."

Kofia ikazunguka mikononi mwake.

"Leo ni Baba Gwamaka? Mbona si Dereva? Umenikasirikia."

Nilidhani najua jinsi wake wanavyowatania waume. Nimesoma bweni na wasichana mia nne, sikosi jibu. Nikaandika: "Dereva alikuwa Uyole."

Niliandika kwa mzaha. Lakini kasha la sauti halijui mzaha, lilitoa maneno kama yalivyo, taratibu, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Mzee akatafuta pa kukaa nyuma yake bila kugeuka, akapata gunia la mbolea, akakaa. Akaiweka kofia usoni.

Nilisimama. Nilikuwa peke yangu ofisini na nilisimama, kama vile nilikuwa na pa kwenda.

"Nisamehe," akasema kutoka ndani ya kofia. "Sikuisikia. Ulipiga mara tatu, sikuisikia. Ulitaka kuniambia nini?"

"Leo sisemi," nikaandika, vidole vinakosea herufi. "Umekula?"

"Sijala."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe."

"Nenda ukale kwanza."

Akainuka palepale akaenda kula. Ulikuwa woga wangu, yeye akaupokea kama mapenzi.

*

Siku ya nne aliulizwa kama amelala. Siku ya tano, kama paka amepewa maziwa. Paka mwenyewe nilimwona akipita nyuma yake kwenye jicho la kaunta. Kila mara alipouliza habari za zile simu, nilimpa kazi: panga rafu, fua koti, mpigie Gwamaka aliyeko Kigali, usimwache na huzuni peke yake. Alifanya yote. Jirani walianza kusema kwamba Mama Mifumo, ndivyo wanavyomwita mama yangu, amewapa kivuli chema kuliko vyote wilayani. Mama alifurahi. Akaninunulia sambusa.

Mzee aliongea sana. Kumbe hakuwa mtu wa maneno akiwa na watu. Alikuwa nayo yote, ameyatunza. Alimwambia mkewe kwamba katika miaka ile ya barabara alihesabu Krismasi alizolala nyumbani, zikawa tano. Alimwambia kwamba kule Lubumbashi palikuwa na mwanamke, miaka mingi iliyopita, na kwamba alijua yeye Subilaga alijua. Akasubiri aambiwe neno. Mimi nina miaka kumi na sita. Nilizima jicho, nikainama juu ya kishikwambi, na baada ya muda nikaandika, "Nilijua," kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameshasema hivyo. Niliona ni salama. Akalia, halafu akashukuru.

Siku ya saba alikwenda kunyolewa ndevu kwa Ambokile, ng'ambo ya barabara. Kupitia mlango wa duka nilimsikia kinyozi mwenyewe akimlaki: "Karibu bosi wangu! Denge au panki?" Nilivua spika za masikioni.

Siku ya tisa alikuja na simu mkononi. Akaiweka juu ya kaunta, kioo kimelielekea jicho, ili mkewe azione. Saa nne na dakika sita. Saa nne na dakika nane. Saa nne na dakika kumi na moja.

"Nimepanga rafu," akasema. "Nimefua. Nimekula mpaka suruali inabana. Sasa niambie, Mama Gwamaka, au sitoki hapa."

Nilikuwa nimeshaifikiria usiku na mchana. Neno kubwa lingemwelemea. Neno zuri lingenishinda kulitunga. Nikachagua kitu kidogo kuliko vyote nilivyoweza kukiona, kitu ambacho mtu yeyote angempigia mtu yeyote.

"Nilikuwa nataka uje na viberiti. Vimeisha."

"Viberiti."

"Viberiti tu, Dereva."

Uso wake ulilegea kama kamba iliyokatwa. Akacheka, cheko dogo lililotokea puani.

"Basi hukujua," akasema. "Hukujua kama unakufa. Hukuogopa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Lilikuwa limeota lenyewe kwenye uongo wangu, na yeye alikuwa amelishika kwa mikono miwili. Nikaandika maneno mawili. "Sikuogopa kabisa."

*

Siku ya kumi na mbili nilikwenda nyumbani kwake kusema kweli. Nilivaa sare ya shule, sijui kwa nini. Labda nilitaka nihukumiwe kama mwanafunzi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kaburini. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Juu yake palikuwa na pakiti tatu za viberiti zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na jiwe juu ya mfuko.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu. Mama Mifumo amekutuma?"

"Hapana, Babu. Nimekuja mwenyewe."

"Umefanya vyema. Unajua siku hizi viberiti havipatikani? Watu wote wana majiko ya umeme. Nimezunguka siku nzima, nimevikuta Uyole kwa bibi mmoja anayeuza ubani." Akaurekebisha mfuko vizuri. "Nimefunika visilowe. Alikuwa hapendi kiberiti kilicholowa."

"Babu."

"Naam."

"Na kama kivuli kingekuwa kimesahau? Tuseme mitambo imeharibika, kikawa hakijui chochote cha siku ile. Ungefanyaje?"

Alifikiri kweli, kwa heshima, kama vile nilikuwa mtu mzima.

"Ningekaa na zile simu tatu mpaka na mimi niende," akasema. "Kila asubuhi saa nne na dakika sita ningeanza upya. Unaona, mjukuu, kutojua ni kama injini inayonguruma mahali na wewe huoni gari. Huwezi kulala. Kaniambia, nimelala." Akanitazama sare. "Huko shule mnafundishwa kazi hii ya mama yako?"

"Kidogo."

"Jifunze. Ni kazi ya baraka."

Akaingia ndani akaniletea pakiti moja ya viberiti, ya Mama, kama shukrani. Nilipiga magoti nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Huko ndiko kukiri kwangu kwa siku ya kumi na mbili.

*

Siku ya kumi na nne ukoo ulijaa dukani, wengine wamesimama barazani chini ya bati. Gwamaka alikuwa amefika kutoka Kigali, mrefu, suti imekunjamana. Mama alivaa gauni lake jeusi la kuzimia vivuli, ambalo hupiga pasi usiku wa kuamkia na huwa halivai kwa jambo jingine lolote. Mimi nilisema nitashughulikia chai. Nikajifungia stoo, nyuma ya kaunta, nikakaa juu ya gunia la mbolea na kishikwambi mapajani. Nilijiambia ni saa moja tu. Saa moja, kisha sauti itazimwa na hakuna mtu duniani atakayejua.

Nilimsikia Mama akiwaeleza utaratibu, kama anavyoeleza siku zote. Kwanza hufunika jicho kwa kitambaa cheupe, kwa kuwa marehemu hatazami anapoagwa. Wanaotaka kusema husema. Kisha huzima kumbukumbu, na taa ya kaunta hufa. Hapo watu husimama kimya dakika moja. Halafu hufunga kasha la sauti, na mambo yamekwisha.

Kitambaa kilipofunika jicho, kioo changu kikawa cheupe. Kuanzia hapo nilikuwa na masikio tu.

Gwamaka alianza. "Mama, ni mimi."

"Umekonda," nikaandika.

Watu walicheka huku wanalia. Hakuna mama ambaye hasemi hivyo. Akasema yake, nikamjibu mafupi. Wakaja wengine: dada yake, mshonaji wa jirani, mkulima mmoja aliyetaka tu kusema kwamba viazi vimeota vizuri. Mvua ikaanza kudondoka juu ya bati, tone moja moja.

Kisha nikasikia kofia ikiwekwa kaunta.

"Mama Gwamaka," Mzee akasema. "Nimefikiria sana. Viberiti ni simu moja. Mtu hapigi mara tatu kwa ajili ya viberiti."

Nikamsikia akisogea karibu zaidi na kaunta.

"Ya pili ulitaka nini? Na ya tatu? Kama uliogopa, niambie uliogopa. Sitaki unihurumie. Leo ndiyo mwisho, usiniache nikibahatisha."

Mvua ikashuka yote kwa pamoja, mvua ya Tukuyu, ile inayomfanya mwalimu aache kufundisha akae chini. Sikusikia tena kitu isipokuwa bati. Niliandika, nikafuta. Niliandika kwamba ya pili alikosea kubonyeza, nikafuta. Niliandika, "Mimi si yeye," nikakaa nikiyatazama maneno hayo, yakinitazama. Kisha nikayafuta hayo pia.

Yaliyotokea upande wa pili nilikuja kuambiwa baadaye. Saa tano ilifika. Mama, ambaye hajawahi kuchelewa kuzima hata kwa dakika moja, alisubiri nne. Akamshika Mzee bega, akamwambia sikioni, "Kimenyamaza, Mzee wangu. Mara nyingine hunyamaza." Mzee akatikisa kichwa kukubali. Mama akabonyeza. Taa ya kaunta ikafifia, ikafa. Watu wote wakasimama, vichwa chini, dakika moja ya kimya.

Na mimi stoo, nikiwa nimepata hatimaye sentensi niliyoona ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika maishani, nikabonyeza tuma.

"Ya tatu nilipiga nisikie sauti yako tu, Dereva," akasema Bi Subilaga, taa yake ikiwa imezimika.

Hilo nililisikia, hata kwa mvua ile: kelele, viti, mtu akiita Yesu, mtu mwingine akipiga mlango kutoka nje. Na katikati ya kelele, karibu kabisa na ukuta wangu, sauti ya Mzee Lutengano, ya upole, iliyojibu bila kushangaa:

"Naam, mama. Niko hapa."

Dukani palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba kasha lisilo na kumbukumbu haliwezi kusema. Hakulitazama kasha. Mlango wa stoo ukafunguliwa, na Mama akasimama pale na gauni lake jeusi. Sentensi ilikuwa bado kwenye kioo cha kishikwambi. Aliisoma. Sikuwahi kumwona mama yangu akizeeka, nilidhani ni jambo la polepole.

"Tangu lini?" akauliza.

"Siku ya tatu."

"Kivuli kiko wapi?"

Mzee alikuwa amesogea nyuma yake, na Gwamaka nyuma ya Mzee, na nyuso nyingine nyuma ya hao. Mzee alinitazama, akatazama waya unaotoka kishikwambini hadi ukutani. Bado alikuwa na ule uso wa mtu aliyeitwa akaitika.

"Mjukuu," akasema. "Nani alikuwa anaongea?"

Nilitafuta mzaha. Sijawahi kuukosa, huwa uko tayari hata mbele ya mkuu wa shule. Nilipoukosa, vidole vyangu vilirudi vyenyewe kwenye herufi, vikitaka kuandika, vikitaka yeye ndiye anisemee. Mzee akainama akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Hapana," akasema. "Kwa mdomo wako."

"Ni mimi, Babu. Tangu siku ya kwanza uliyoongea naye ni mimi. Nilizifuta kumbukumbu zake ile Jumatano mlipokuwa mnazika. Nilikuwa nacheza, nilitaka kuwachanganya yeye na Ambokile. Viberiti nimevitunga. Kwamba hakuogopa, nimeandika mimi, sijui kama aliogopa."

Mvua ilikuwa inapiga bati kama inataka kuingia. Aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Sisikii, mwanangu. Sema kwa nguvu."

Nikasimama juu ya gunia, mbele ya mama yangu na ukoo mzima, nikasema kwa nguvu kiasi kwamba waliokuwa barazani walisikia: "Sijui alitaka kukuambia nini, Babu! Alisema, na kivuli kilisikia, na mimi nikakifuta! Hakuna atakayejua tena!"